Ngwe na Shamba la Pamoja: Bustani ya Mboga Mwishoni mwa Mwaka



Mwaka wa Kanisa umekwisha kwa Sherehe ya Kristo Mfalme, na sasa tumo katika Majilio. Mwaka wa kalenda nao unaelekea ukingoni. Huku kwetu Tanga majira haya yana alama nyingine tena: mvua za vuli, zinazoanza kunyesha kati ya Oktoba na Novemba, zinakaribia kukatika, na upepo wa kaskazi umekwisha kushika zamu yake. Katika bustani za pamoja ambazo baadhi ya Jumuiya Ndogo Ndogo huzitunza, mchicha unavunwa kwa mara ya pili, bamia zimetoa maua, nyanya na nyanya chungu zilizopandikizwa Novemba bado zinadai palizi na maji.

Ni katika wiki hizi, kila mwaka, ambapo swali moja huibuka katika vikao vya jumuiya. Walioshika jembe Oktoba walikuwa wengi; wanaoshika ndoo Desemba ni wachache. Wengine wamesafiri kwenda Lushoto, Moshi au Songea kula Noeli na wazee wao. Waliobaki huanza kunong'ona: Je, tuendelee kulima pamoja, au kila nyumba ipewe ngwe yake na ijitegemee?

Neno hili ngwe ni neno la kale na lenye maana nzito. Ni kipande cha shamba kilichopimwa, alichokabidhiwa mtu mmoja akilime, huku shamba lote likibaki kuwa kitu kimoja. Ndani ya neno hilo yamo mambo mawili kwa wakati mmoja: mipaka na umoja. Tunaona vema, kabla ya jumuiya zetu kuamua, tuipitie historia. Watu wa pwani hii na wa nchi yetu kwa jumla wamekwisha kulijaribu jambo hili mara nyingi, na majaribio yao yametuachia mafundisho. Tutayapanga chini ya maswali matatu: Ardhi ni ya nani? Nani anaamua kazi? Mavuno yanakwenda wapi?

ARDHI NI YA NANI?

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, kuna kisa cha Nabothi. Wengi wetu tunalikumbuka shamba lake la mizabibu. Wachache wanakumbuka mfalme Ahabu alilitaka la nini. Alilitaka apate bustani ya mboga karibu na nyumba yake. Nabothi alikataa kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli alipoandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri, na kwa barua hizo Nabothi akapoteza shamba na uhai. Hivyo hata bustani ya mboga, kitu kidogo na cha amani, inaweza kusimama juu ya dhuluma.

Sisi tunaoishi Usagara, hapa mjini Tanga, tunatamka kila siku jina la nchi ambayo nayo ilichukuliwa kwa karatasi. Nchi ya Wasagara yenyewe iko bara, katika milima ya upande wa Kilosa na Mpwapwa. Ilikuwa Novemba na Desemba ya mwaka 1884, majira kama haya, Mjerumani Carl Peters alipopita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya alama za watawala wa huko juu ya mikataba ambayo hawakuweza kuisoma. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Miaka kumi baadaye, tarehe 26 Novemba 1895, ikatolewa amri ya kuifanya ardhi ya koloni kuwa mali ya dola ya Kijerumani, isipokuwa pale ambapo mtu binafsi au jamii ingeweza kuthibitisha haki yake. Waingereza nao, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, waliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana.

Matokeo yake tunayafahamu watu wa Tanga kwa macho yetu. Mwaka 1893 miche ya mkonge iliingizwa katika nchi hii na Richard Hindorf. Ilikuwa 1,000 ilipoanza safari. Iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo 62 ukatokea ukulima mkubwa uliofunika bonde kutoka Tanga hadi Korogwe na kuvuta maelfu ya vibarua kutoka mbali. Mkonge ulijenga mji wetu, hilo hatulikani. Lakini mkonge hauliwi. Kibarua aliyeishi kambini, katikati ya maelfu ya ekari, alihesabu kuwa ni bahati kupata kijisehemu nyuma ya nyumba apande matembele na mchicha.

Fundisho la kwanza basi ni hili. Kabla jumuiya haijauliza nani atamwagilia, yafaa iulize ardhi ile ni ya nani, na nani ameandika nini. Uwanja wa kanisa, uwanja wa shule, kiwanja cha muumini ambacho hakijajengwa: kila kimoja kina mwenyewe, na ruhusa ya mdomo hufa siku mwenye kiwanja anapofariki au anapopata mnunuzi. Tangu Sheria za Ardhi za mwaka 1999, nchi yetu inatambua haki za kimila vijijini na taratibu za umiliki mjini. Makubaliano ya ukurasa mmoja, yenye sahihi za pande mbili na mashahidi, hayapunguzi upendo wa Kikristo. Yanauhifadhi.

NANI ANAAMUA KAZI?

Bustani ya kwanza kubwa ya Kanisa Katoliki katika pwani hii ilikuwa Bagamoyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Zanzibar na kufungua misheni hapo mwaka 1868. Waliwapokea watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, na pamoja nao wakafyeka msitu, wakapanda minazi, miembe, mboga na matunda ya kila namna. Aprili 1872 kimbunga kikali kilibomoa majengo na kung'oa mazao; wakaanza upya. Wasafiri waliofika Bagamoyo waliistaajabia bustani ile. Mwaka 1877 misheni kama hiyo ilifunguliwa Mhonda, katika nchi ya Nguru.

Lakini historia ya kweli haiishii kwenye sifa. Waliolima Bagamoyo walikuwa wamenunuliwa ili wawekwe huru, kisha uhuru wao ukapangiwa saa kwa kengele. Siku fulani zilikuwa za shamba la misheni, na muda uliobaki ulikuwa wa vipande vyao wenyewe. Mapadre waliamini kwamba kazi ya mikono humjenga mtu, nao wenyewe walifanya kazi. Hata hivyo, si wote waliokaa. Baadhi ya waliolelewa pale waliondoka kwenda kutafuta maisha ambayo wangejipangia wenyewe. Tukiwaita wakosefu wa shukrani, tutakuwa hatujaelewa nini maana ya mtu aliyewahi kuwa mtumwa kuamriwa tena aingie shambani, hata na mwenye nia njema.

Katika milima yetu ya Usambara jambo hilohilo lilionekana kwa sura nyingine. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo, wilaya ya Lushoto, mpango wa kuokoa udongo. Udongo kweli ulikuwa unaporomoka, na wataalamu hawakusema uongo. Lakini njia waliyoichagua ilikuwa amri: kila mkulima achimbe matuta katika mteremko, na asiyechimba aadhibiwe. Wasambaa, ambao babu zao walikuwa wakiilima milima ile kwa karne nyingi kwa kuchanganya migomba na mazao mengine, waliona matuta yanakula nguvu na kuacha tumbo likiwa tupu. Wengine walihofu kwamba shamba likitengenezwa na serikali litakuwa la serikali. Upinzani ukaenea, wanawake wakiwa mstari wa mbele, na ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1950 amri zile zilikuwa zimeachwa. Ukoloni ulikuwa na hoja sahihi juu ya udongo na hoja mbaya juu ya mwanadamu.

Baada ya Uhuru, somo hili lilirudi kwa uchungu zaidi, kwa sababu safari hii mwalimu alikuwa wetu. Miaka ya mwanzo ya 1960, kule Litowa, Songea, vijana wachache wa TANU walianza kulima pamoja kwa hiari yao. Walikaa kikao, wakapanga kazi, wakagawana kazi na mapato kwa makubaliano yao wenyewe, wakaanzisha hata shule yao. Vijiji vingine vikafuata hadi vikafikia 17 chini ya chama kilichoitwa Ruvuma Development Association. Mwalimu Nyerere aliwapenda, na andiko lake la Septemba 1967 juu ya Ujamaa Vijijini linafanana sana na yale waliyokuwa wakiyafanya. Katika andiko hilo alishauri hatua za polepole: watu wabaki na vishamba vyao, waanze na shamba dogo la pamoja, walikuze kadiri wanavyoaminiana. Alisisitiza kwamba nguvu isitumike.

Yaliyofuata yanahuzunisha. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile cha Ruvuma. Mali zake zikachukuliwa. Waliofanya kwa hiari lile ambalo taifa lilikuwa likilihubiri walionekana hatari kwa sababu walikuwa wakiamua wenyewe. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Kufikia mwaka 1977 watu zaidi ya milioni 13 walikuwa katika vijiji zaidi ya 7,000, wengine wakiwa wamehamishwa kwa malori na nyumba zao za zamani kubomolewa. Katika vijiji hivyo shamba la pamoja mara nyingi lilikuwa la mwisho kulimwa na la kwanza kuota magugu. Mtu alifika ili jina lake liitwe, akasubiri jua lipande, akarudi nyumbani kupalilia chake. Hatimaye viongozi wenyewe walitilia mkazo mashamba ya bega kwa bega: eneo moja, zao moja, lakini kila kaya na ngwe yake.

Katika miaka hiyohiyo Kanisa la Afrika Mashariki lilikuwa likitafuta njia yake. Maaskofu wa AMECEA, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa maisha ya parokia. Ujirani, udogo na kufahamiana kwa majina ndivyo vilivyokuwa nguvu ya jumuiya hizo. Watu kumi na watano wanaojuana wanaweza kupanga zamu ya ndoo bila karani. Watu mia tatu hawawezi.

Fundisho la pili: bustani ya pamoja huishi pale ambapo wanaolima ndio wanaoamua. Hata msaragambo, desturi ya kazi ya pamoja inayojulikana toka Upare hadi Usambara, ulikuwa na nguvu kwa sababu kila mtu aliona njia au mfereji anaouchimba kuwa ni wake. Paroko anayepanga peke yake nini kipandwe na lini kipaliliwe, ajue kwamba anarudia kosa la Mlalo, hata akiwa na ujuzi wa kilimo kuliko waumini wote.

MAVUNO YANAKWENDA WAPI?

Njaa ni mwalimu mwenye sauti kubwa, lakini wanafunzi wake husahau upesi. Mwaka 1974, mvua zilipokuwa zimepungua na taifa likilazimika kununua nafaka nje kwa wingi, ilitangazwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Ofisi, viwanda, shule na watu wa mijini walitakiwa kulima. Walio na umri wa kutosha wanakumbuka mahindi yaliyoota katikati ya nyumba na kando ya barabara. Mvua zilipotengemaa na chakula kikapatikana, vishamba vingi vile vilirudia kuwa nyasi.

Si sisi tu. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1908 ilizitaka halmashauri ziwapatie wananchi vishamba vya kukodi pale vinapohitajika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilipohimiza kila mtu alime ili kuziba pengo la chakula kilichozuiwa baharini, vishamba hivyo vilipita milioni moja. Vita ilipokwisha, vingi vikaachwa. Lakini havikuisha vyote, na tofauti yake inastahili kutazamwa: vilivyodumu vilikuwa na ua mmoja, mfereji mmoja wa maji na kikao kimoja, ilhali kila familia ilikuwa na ngwe yake na ilijua kwamba kabichi itakayovunwa pale itapikwa nyumbani kwake.

Hapa ndipo penye ugomvi wa jumuiya nyingi. Mboga zinapokomaa Desemba, nani avune? Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinatuonesha kwamba mojawapo ya manung'uniko ya kwanza ndani ya Kanisa lilihusu chakula: wajane wa kundi moja walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wasali zaidi na kunyamaza. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema kusimamia mgawo. Utaratibu wa haki ulikuwa jibu la kiroho. Nayo Sheria ya Musa, katika Kitabu cha Walawi, sura ya 19, iliamuru kwamba pembe za shamba zisivunwe kabisa, ili maskini na mgeni wapate kitu. Kumbe hata shamba la mtu binafsi lilikuwa na sehemu isiyo yake.

Kwa hiyo swali letu la mwanzo, pamoja au kila mtu ngwe yake, limewekwa vibaya. Historia inaonesha kwamba shamba lisilo na ngwe huwa la watu wote wakati wa kusifu na la mtu mmoja mwenye huruma wakati wa kumwagilia. Inaonesha pia kwamba ngwe zisizo na shamba hugeuka kuwa vijiua vya jirani kumnyima jirani maji. Kinachodumu ni vyote viwili, na kila kimoja mahali pake.

YA KUFANYA DESEMBA HII

Tunapendekeza mambo machache kwa jumuiya zilizo na bustani, nazo ziyajadili kwa uhuru.

Kwanza, vya pamoja viwe vile ambavyo mtu mmoja hawezi kuvimudu: ua, kisima, kitalu cha miche, samadi na vifaa. Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia wamonaki wake kanuni katika karne ya 6, alitaka vyombo vya kazi vya nyumba vitunzwe kwa heshima ileile ya vyombo vya altare, na vikabidhiwe kwa orodha. Jembe la jumuiya lisilo na orodha huwa halina mwenyewe.

Pili, matuta yagawiwe kwa nyumba, na tuta moja au mawili ya pembeni yabaki kuwa ya wagonjwa, wajane na wageni, yakihudumiwa kwa zamu.

Tatu, zamu za wiki ya Noeli na Mwaka Mpya ziandikwe mapema, kabla watu hawajakata tiketi. Udongo wetu wa pwani ni wa kichanga, haushiki maji. Vuli ikishakatika, siku tatu bila kumwagilia katika jua la kaskazi zinatosha kukausha kazi ya miezi miwili. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba yakiwekwa sasa yatapunguza ndoo za Januari, na kumwagilia kufanyike alfajiri au jioni. Anayebaki Tanga asidharauliwe kana kwamba hana kwao. Yeye ndiye analinda chakula cha wanaosafiri.

Nne, tusilime kwa ajili ya sikukuu tu. Mchicha hupatikana kwa wiki tatu au nne, na ndiyo maana kila mtu huupenda. Nyanya zilizopandikizwa mwishoni mwa Novemba hazitaiva hadi karibu Februari, wakati bei sokoni imepanda na karo za shule zimekwisha kuumaliza mfuko. Anayepanda nyanya katika Majilio anajifunza maana ya Majilio kuliko anayesikia mahubiri yetu, kwa kuwa anasubiri kitu ambacho bado hakionekani na wakati huohuo hawezi kukaa bure.

Mwishowe, jumuiya ikikaa na kuamua kwa uwazi kwamba bustani haiwezekani mwaka huu, nayo ni haki yake. Bustani iliyofungwa kwa makubaliano inaweza kufunguliwa tena vuli ijayo. Ile inayokufa kwa kunyamaziana huacha kinyongo, na kinyongo hakina majira. Huota kiangazi na masika.

Tunawatakia Majilio mema na Noeli yenye amani. Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.